Baiskeli ya graveli iingie porini kwa vipimo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme na wauzaji wa baiskeli za mtumba, mafundi wenzetu, na hasa wanunuzi wanaouziwa baiskeli yenye usukani uliopinda chini kwa maneno mawili tu: "hii ya vumbi."

Baiskeli hizo za changarawe, ambazo vijana wanaziita graveli, haziko sawa zote. Nyingi zinazofika kwenye mitumba zimetengenezwa kwa mtu anayekimbia kwenye lami muda mwingi, kisha anakatiza kipande cha changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Zina tairi la milimita 32 au 35, gia ndefu za lami, na rimu nyepesi zenye spoku 24. Huku Tabora ukiacha tu lami ya kwenda Urambo au Sikonge unaingia kwenye kichanga. Ukienda upande wa Igunga wakati wa masika, mbuga za Wembere zina udongo mweusi unaonata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Katikati kuna njia za ng'ombe, visiki na mbigili. Baiskeli ya lami inaweza kufanywa ihimili hayo yote bila kununua nyingine. Kinachoharibu kazi ni kununua vifaa kwa majina badala ya vipimo.

Tuanze na tairi, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Mtu anaingia dukani anaomba tairi la ishirini na nane. Muuzaji anampa la baiskeli ya Phoenix. Ubavuni mwa tairi hilo kumeandikwa 28 x 1 1/2, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, 40-635. Baiskeli ya graveli nayo Ulaya huandikwa 28, lakini namba yake ndogo ni 622, kwa mfano 40-622, au 700 x 40C. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokaa kwenye rimu. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13. Tairi la Phoenix litaingia kwenye rimu ya graveli bila hata kutumia mikono miwili, na hiyo ndiyo dalili mbaya: ukijaza upepo, waya unapanda juu ya ukingo wa rimu, tyubu inachungulia na kupasuka. Kurudisha tairi dukani halafu kulilaumu kwamba ni feki ni kulionea.

Namba zinazofaa kukaririwa ni nne. 635 ni Phoenix ya 28. 622 ni graveli, baiskeli za mbio, na pia baiskeli za milimani zinazoitwa 29. 584 ni baiskeli za milimani za 27.5. 559 ni zile za milimani za zamani za 26. Maana yake ni kwamba ukikosa tairi la graveli mjini, ulizia tairi la milimani la 29 lililo jembamba: lenye namba 47-622 litakaa sawasawa kwenye rimu yako, mradi fremu iwe na nafasi.

Nafasi hiyo ipimwe kabla ya kutoa hela. Vua upepo kidogo, zungusha gurudumu, na upime sehemu tatu: kati ya mabomba ya chini ya nyuma karibu na krenki, kati ya mabomba ya juu karibu na siti, na ndani ya foku, pembeni na juu. Chukua sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, toa milimita 12, yaani 6 kila upande. Kinachobaki ndicho upana wa tairi lako. Kama nafasi ya nyuma ina milimita 52, tairi ni 40, basi. Ukishalifunga na kulijaza, pitisha alenki ya namba 6 kati ya tairi na fremu pande zote. Ikikwama, tairi ni kubwa. Usitegemee namba ya ubavuni peke yake, maana tairi la 40 likifungwa kwenye rimu pana hutanuka kwa milimita moja au mbili. Milimita 6 zinaonekana nyingi ukiwa umesimama kwenye lami. Kwenye tope la mbuga ni chache: udongo ukijaa hapo na kokoto moja ndani yake, rangi inakwisha kwanza, kisha fremu yenyewe inalika.

Hapa inabidi tuwaseme mafundi wenzetu. Kuna anayebana bomba la nyuma kwenye jiliwa na kuligonga ili lipate bonde la kupitisha tairi nene. Kwenye fremu ya chuma cha kawaida inaweza kupona. Kwenye aluminiamu bonde hilo ndipo ufa unapoanzia, na kwenye kaboni umeshamaliza fremu hapohapo. Fremu isiyo na nafasi ibaki na tairi lake, iuzwe kwa mtu wa lami.

Ipo njia nyingine kwa fremu zenye breki za diski: kubadili magurudumu mazima kuwa ya 584 yenye tairi nene zaidi. Kwa kuwa breki haikamati rimu, kipenyo cha rimu hakiisumbui. Hesabu yake ni rahisi. Gurudumu la 32-622 lina kimo cha milimita 686 (622 jumlisha 32 mara mbili). La 50-584 lina 684. Kimo ni kilekile, ila sasa una upana wa kukanyagia mchanga. Lakini aliyekuwa na 40-622, ambalo kimo chake ni 702, akihamia 47-584 anashuka hadi 678, na krenki inashuka milimita 12. Kwenye njia yenye visiki pedeli itagonga. Pia hakikisha habu (kitovu cha gurudumu) inaoana na fremu: ekseli nene ya milimita 12 na ile nyembamba ya kufungua kwa mkono haziingiliani, na upana wa habu ya nyuma wa 142 si sawa na 135.

Kuhusu mashina ya tairi, yaani yale meno yake ya mpira, watu wengi wanadhani kadiri yanavyokuwa makubwa ndivyo bora. Kwenye kichanga kinachobeba ni upana na upepo mdogo. Mashina marefu yanachimba tu. Mashina yanasaidia kwenye tope na kwenye changarawe iliyolegea, hasa gurudumu la mbele. Tunashauri mbele tairi lenye mashina ya wastani, nyuma lililo laini katikati na lenye mashina pembeni, linalokimbia hata ukirudi kwenye lami.

Upepo ndio marekebisho ya bure kuliko yote, na ndio unaokosewa zaidi. Mtu wa kilo 70 na tairi la milimita 40 lenye tyubu aanze na PSI (kipimo cha upepo) 35 mbele na 40 nyuma. Akibeba mzigo aongeze 5 nyuma. Akifika kwenye mchanga mrefu apunguze 8 hivi kila upande, na akitoka kwenye mchanga aongeze tena. Wengi wanajaza 70 kwa sababu tairi likiwa gumu kama jiwe linaonekana zima. Porini linaruka kila kokoto na kuzama kila kichanga. Ukishusha mno ukiwa na tyubu, tairi likigonga jiwe linabanwa dhidi ya rimu na tyubu inatoboka matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu hayo usitafute mwiba. Ongeza upepo.

Mwiba nao upo. Mbigili na miiba ya migunga haichagui tairi la bei. Njia ya kwanza ni ya nyumbani: kata tyubu kuukuu kwa urefu, toa valvu, ilaze ndani ya tairi kati yake na tyubu mpya. Kingo za kipande hicho zipunguzwe kwa msasa ziwe nyembamba, la sivyo zitasugua tyubu mpaka itoboke yenyewe, na upake poda kidogo ili zisigandane. Njia ya pili ni maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu ambayo moyo wa valvu yake unafunguka: mililita 60, ambazo ni vijiko vinne vya chakula, kwa kila gurudumu. Na hapo kwenye valvu kuna mtego mwingine. Tyubu ya Phoenix ya 28 itaenea vizuri ndani ya tairi la graveli, lakini valvu yake nene haiingii kwenye tundu la milimita 6.5 la rimu nyingi za graveli. Kuna wanaotanua tundu kwa drili hadi 8.5. Kwenye rimu nyembamba tundu hilo linakaribia ukutani na rimu inapasuka. Nunua tyubu yenye valvu nyembamba, pamoja na kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilisha valvu ili pampu ya bodaboda au ya kituo cha mafuta iweze kuijaza. Uwe navyo viwili, maana hupotea.

Njia ya tatu ni tyubulesi, yaani tairi lisilotumia tyubu. Inafaa kweli kwa nchi ya miiba, lakini rimu na tairi vyote viwe vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Rimu ya kawaida iliyofungwa utepe inaweza kuachia tairi kwenye kona. Safisha rimu kwa spiriti. Funga utepe maalumu uliozidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, ukiuvuta kwa nguvu, na mwisho wake upitane na mwanzo kwa sentimita 10 juu ya tundu la valvu. Toboa tundu dogo, weka valvu, kaza kwa vidole tu. Koleo inakata mpira wake. Paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi na ujaze kwa kompresa mpaka usikie tairi limeruka na kukaa, bila kuzidi PSI iliyoandikwa ubavuni. Toa upepo, fungua moyo wa valvu, mimina mililita 60 za maji ya kuziba pancha kwa tairi la 40 au 80 kwa la 47, jaza tena na ulizungushe, kisha ulaze gurudumu kila upande kwa dakika chache. Ukiwa hivyo unaweza kutumia PSI 28 hadi 32. Kwa joto la Septemba na Oktoba maji hayo hukauka mapema, kwa hiyo fungua ukague kila baada ya miezi miwili. Na tyubu moja ya akiba ibaki mfukoni hata hivyo.

Sasa gia. Graveli nyingi za lami zina meno 50 na 34 mbele, na kaseti (fungu la sproketi za nyuma) ya meno 11 hadi 32. Gia yake nyepesi kuliko zote ni 34 mbele na 32 nyuma, na kwa tairi la 40-622 kila mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 2.34. Ukipiga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 8.4 kwa saa. Kwenye mchanga mzito au mlima wa Kasulu na Buhigwe, na mzigo nyuma, mwendo huo ni mkubwa kwa miguu: unakanyaga kwa kukakamaa, gurudumu la nyuma linachimba, unashuka. Ukiweka 30 mbele na 34 nyuma mzunguko mmoja unakuwa mita 1.95, kilomita 7 kwa saa kwa mizunguko ileile, na unabaki juu ya siti.

Kuna mtindo wa kuondoa sproketi mbili za mbele na kuweka moja ya meno 40 kwa sababu inaonekana ya kisasa. Ukiacha kaseti ya 34 nyuma, gia yako nyepesi imekuwa mita 2.59. Umelipa ili baiskeli iwe nzito zaidi. Sproketi moja mbele inaleta maana kama nyuma kuna meno 42 au zaidi, na mkono wa gia (ule wa nyuma unaohamisha cheni) unaoweza kuyabeba.

Rahisi kuanza nayo ni kaseti. Mkono wa gia wa kampuni ya Shimano, seti ya 105 toleo la R7000, wenye shingo ndefu, ulioandikwa GS, unabeba hadi meno 34. Wenye shingo fupi, SS, mwisho wake ni 30. Kwa baiskeli za Shimano za gia 8 au 9 habari ni nzuri zaidi: mkono wa gia wa baiskeli ya milimani ya gia 9 unasikilizana na swichi za lami za gia 8 na 9, kwa hiyo ule unaotoka kwenye mtumba wa milimani uliokufa unaweza kuvaa kwako na kubeba kaseti ya 34. Mikono ya milimani ya gia 10 haisikilizani na swichi za lami za gia 10. Usipoteze siku kuirekebisha. Na kaseti nyingi za gia 11 za lami hazikai kwenye habu iliyotengenezwa kwa gia 8, 9 au 10, habu inapungukiwa milimita 1.85.

Kushusha meno ya mbele kunahitaji krenki nzima. Ile yenye mduara wa boliti wa milimita 110 haipokei meno 30. Shimano GRX, seti ya vifaa vya graveli iliyoanza kutoka mwaka 2019, ina krenki ya 46 na 30, lakini sproketi zake zimekaa nje kwa milimita 2.5 kuliko za lami, kwa hiyo kibadili gia cha mbele nacho kiwe cha GRX, na kishushwe mpaka kiwe milimita 1 hadi 3 juu ya meno makubwa. Cheni mpya ikatwe kwa kuizungusha kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupitia mkono wa gia, kisha uongeze pingili mbili. Ikiwa fupi, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa itang'oa mkono wa gia pamoja na kipande cha fremu kinachoushikilia. Kipande hicho, wengine hukiita sikio, kina umbo lake kwa kila fremu. Kikipinda mara moja kinyooshwe taratibu. Cha aluminiamu kikipinda mara ya pili kinakatika. Tafuta cha akiba siku unayonunua baiskeli.

Kwenye breki tuna jambo moja kubwa. Breki za mafuta za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Za kampuni ya SRAM nyingi za usukani uliopinda zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya pikipiki. Duka la vipuri vya pikipiki lina DOT, na fundi asiyesoma ataimimina popote. DOT ikiingia kwenye Shimano inavimbisha mipira ya ndani, breki inaganda au inavuja, na haioshwi ikapona: unabadilisha kalipa (sehemu inayobana diski) na mkono wa breki. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye mfuniko. Mengine ni madogo: diski ya mbele iwe ya milimita 160 badala ya 140, pedi ya chuma hudumu kwenye tope kuliko ya resini (isipokuwa diski imeandikwa kwamba inataka resini tu), na pedi ikibaki nusu milimita itolewe. Breki za waya za baiskeli ya milimani huvuta waya mrefu kuliko mikono ya lami inavyovuta. Ukichanganya, utabana mpaka mkono uguse usukani na baiskeli inaendelea kwenda.

Usukani wenyewe usibadilishwe haraka. Mikono ya breki ya lami inakaa kwenye bomba la milimita 23.8, na usukani ulionyooka wa milimani una 22.2, kwa hiyo kubadili usukani ni kubadili breki na swichi zote. Nunua usukani uliopinda ulio mpana zaidi, sentimita 46 kwa aliyekuwa na 42, wenye ncha zilizofunguka nje.

Foku ya shokapu ya baiskeli ya milimani kwenye fremu ya graveli tunaikataa. Foku ya graveli ina urefu wa milimita 395 hivi. Ya milimani yenye mwendo wa 100 inakaribia 500 au kuzidi. Kila milimita 20 zinazoongezeka mbele hulaza shingo ya fremu kwa karibu nyuzi 1, kwa hiyo umelaza nyuzi 5, usukani unayumba kwenye mwendo mdogo, na shingo ya fremu inapokea nguvu ambayo haikuundiwa. Zipo foku za graveli za mwendo wa milimita 30 hadi 40, lakini bei yake inanunua magurudumu mawili mazuri.

Magurudumu hayo yawe na spoku 32. Yenye 24 yanatosha kwa mwendeshaji mwepesi asiye na mzigo. Ndoo ya lita 20 ya asali ina uzito wa karibu kilo 28, wakati keria nyingi za aluminiamu zimeandikwa kilo 25, na hapo hatujahesabu barabara ya mawimbi. Anayebeba asali aweke keria ya chuma kwenye matundu ya fremu. Fremu isiyo na matundu hayo haifai mzigo, na ya kaboni isifungwe keria kwa vibanio.

Cheni isipakwe oili chafu ya pikipiki. Inashika vumbi na kuwa msasa. Ifute, weka tone moja la oili nyepesi kwenye kila pingili, subiri, kisha ufute ya nje yote ikauke. Pima kwa rula: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306 na ushee kwa gia 11, ibadilishe kabla haijala kaseti.

Kwa wauzaji, ombi letu ni dogo. Pamoja na bei, andikeni kwenye baiskeli namba ya tairi kamili, upana wa nafasi ya nyuma kwa milimita, meno ya mbele na ya nyuma, na aina ya mafuta ya breki. Na mnaoagiza vipuri, leteni tairi za 42-622 na 47-622 pamoja na tyubu za valvu nyembamba, maana wanunuzi wapo.

Mafundi baiskeli,
Tabora Mjini